Kidonda Chini ya Kikwembe cha Kilio

Butembo, Vulamba, tarehe 9 Februari 2003

Kwa yaya wangu mpendwa, mkubwa wangu Agar,

Bwana asifiwe, yaya. Nakusalimia wewe, shemeji Manassé na watoto wote mmoja mmoja, hata yule wa mwisho ambaye sijamwona bado na ambaye nasikia amechukua paji la uso la baba yetu. Mnaamkaje huko Goma? Mlima umetulia? Tuliambiwa kwamba mmejenga tena nyumba ya mbao juu ya yale mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, na kwamba mvua ikinyesha bado yanatoa mvuke. Nilipolisikia hilo nilifikiri miguu yako, maana tangu utoto hukupenda kuvaa viatu. Mama alikuwa akikufuata shambani na sandali mkononi. Natumaini sasa unavaa.

Barua hii inakuja mkononi mwa mama mmoja wa kanisa letu anayefanya biashara ya vikwembe vya wanawake kujifunga. Atapita Kasindi, azunguke Uganda yote ya kusini, aingie Rwanda, ndipo avuke kwenu. Zamani kutoka kwangu hadi kwako ilikuwa safari ya lori moja, mtu anakula ndizi njiani na kulala Kanyabayonga. Leo wenye bunduki wa huku na wenye bunduki wa huko wameikata njia katikati, na salamu ya dada kwa dada inaomba ruhusa kwa nchi mbili. Lakini atafika. Ni mama mwenye akili, na ana rafiki mpakani.

Sisi tungali hai. Shekinah amenipita urefu na amejua kusonga bukari ya unga wa muhogo isiyo na madonge. Wadogo zake wanasoma, siku ambazo shule inafunguliwa. Mvua ya mwaka huu ni nyingi na maharage yanaozea shambani. Baridi ni ile unayoijua.

Salamu zako za pole kwa kifo cha mume wangu Jephté, Baba Shekinah, zilinifikia kwa foni ya kanisa, ile redio ya kuitana. Ile mashine ilikuwa ikikwaruza kama kuku anayetafuta mchwa, na ndugu aliyekuwa akisikiliza aligeuka akanitazama, akasema tu: “Agar iko nalia. Terminé.” Nilicheka, yaya, nisamehe. Nilicheka halafu nikalia, kwa sababu nilikuona kabisa ukilia mbele ya mashine ya watu, na mtu anakuambia useme terminé, kwamba umemaliza.

Lakini kuna habari ambayo haingeweza kupita kwenye foni, maana kila mwenye foni katika Kivu yote angeisikia. Ndiyo hii ninayoandika. Kaa chini kwanza.

Mwaka juzi, mwishoni, nilikuwa nikitwanga majani ya muhogo ya sombe, na mchi ulipopanda nilisikia kitu kinanivuta ndani ya titi la kushoto. Nilipopapasa nikakuta kigumu kama punje ya hindi. Sikumwambia mtu. Nilifikiri ni maziwa ya zamani yaliyoganda. Kilipofika ukubwa wa kokwa la avoka na ngozi ikaanza kujikunja juu yake, Jephté mwenyewe ndiye aliyekiona, nikiwa naoga. Hakuuliza kwa nini nilinyamaza. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akavua kofia yake, akaivaa tena, akaivua.

Tulikwenda Beni, kwa daktari anayepasua. Watu tuliwaambia nakwenda semina ya wamama. Unajua kwao Jephté, yaya. Ugonjwa wa titi kwao haubaki ugonjwa. Wanaanza kuuliza mwanamke huyu alimkosea nani, au ni nani anayemla kwa uchawi. Nami niliona haya. Ninaimba mstari wa mbele, na wamama wa kwaya tunabadilisha nguo pamoja katika chumba kimoja. Nilisema, nitakatwa, nitapona, nitarudi mahali pangu, hakuna atakayejua. Jephté akasema basi iwe siri yetu wawili. Baadaye ikawa ya watatu, tulipomwongeza Élisée, mwuguzi wa zahanati ya hapa karibu.

Walinikata mwezi wa saba. Ilikuwa kansere. Daktari ni mtu mpole, sauti yake ndogo hadi umkaribie. Alituambia ameondoa titi lote na mafuta ya kwapani, na kwamba ilibidi akate pana, hivyo ngozi iliyobaki ameivuta kwa nguvu ili upande huu ukutane na ule. Akasema kidonda kikifunga tusikawie, twende Kampala, kuna mashine inayopiga miale mahali palipokatwa ili kilichobaki chini kisiote tena. Lakini penye kidonda kibichi miale haipigwi. Kwanza kifunge. Tena kisichelewe, kwa sababu ugonjwa nao hautangoja. Basi tangu siku hiyo, yaya, maisha yetu yote yakaingia ndani ya neno hilo moja: kifunge.

Hakikufunga. Kwanza maji yalijaa chini ya ngozi, nikawa kama nimebeba kiriba kifuani. Daktari aliyavuta kwa sindano, yakarudi, akayavuta tena. Halafu ukingo wa ngozi, pale ilipovutwa sana, ulianza kuwa wa zambarau, ukawa mweusi na mgumu kama ngozi ya ngoma, na nyuzi za katikati zikaachia. Nilipokohoa nilihisi hewa ikiingia mahali ambapo hewa haitakiwi kuingia. Daktari alisema inatokea, hasa ngozi ikiwa imevutwa, na kwamba sasa hakuna kushona tena. Kazi iliyobaki ni kuosha na kungoja nyama iote yenyewe. Akatupa kompresi za kufunikia kidonda, kadiri alivyoweza, tukarudi Butembo.

Sasa nikuambie juu ya Jephté, kwa maana wewe ulimjua kama mtu wa mafuta ya mawese na kelele za sokoni. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alitokosa maji na chumvi, akayaacha yapoe, akayajaribu kwa kiwiko kama tunavyofanya kwa mtoto mchanga. Kompresi zilipokwisha alikata shuka zetu za harusi vipande vipande, akazitokosa, akazipiga pasi ya makaa. Alizianika ndani ya chumba chetu kwenye kamba, majirani wasione. Wakati wa kufungua bande alipiga mluzi wa wimbo wa kanisa, na ule mluzi ulikuwa ukipotea pale kitambaa kilipogusa nyama, halafu unarudi. Nilijua kidonda kinavyoendelea kwa kusikia mluzi. Ukipotea muda mrefu, nilijua ni kibaya.

Jirani yetu Mama Maliro, ambaye hawezi kuona moshi asiulize kinachopikwa, alimsimamisha kwenye uzio akamwambia: “Baba Shekinah, mutoto mwenye unaficha mule ndani ni wa nani? Kila asubuhi unatokosa nguo, na kulia hatusikie!” Jephté akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe amerudia utoto. Maliro alicheka hadi akashika mti.

Mama mkwe wangu, Mama Emérence, yeye hakucheka. Alikuja siku moja bila kuita hodi, akamkuta mwanawe akipiga pasi vitambaa na mimi nimekaa. Akasimama mlangoni na mwavuli wake. “Jephté,” akamwambia, “bakikuoa utuambie, tukuje kuchukua mbuzi yetu ya mahari.” Aliniangalia mimi, si yeye. Kuanzia hapo kila aliponikuta kanisani alikuwa akinisalimia kwa kuuliza kama mke wangu hajambo. Niliyameza.

Kitu kingine cha kukuchekesha. Upande wa kushoto wa blauzi ulikuwa ukilala, na Jephté akanishonea mfuko mdogo wa kitambaa, akaujaza maharage, akaupima mkononi kwa macho yaliyofungwa, akaongeza, akapunguza, hadi akasema uzito ni sawa. Nikauvaa juu ya bande, nikaenda kuimba. Lakini kidonda kilikuwa kikitoa maji. Jumapili moja tulipofungua tukakuta maharage yameota, vijichipukizi vyeupe vimetoboa kitambaa. Jephté alisema Mungu ametupa shamba. Tulicheka, nikajishika kifua kwa mikono miwili nisipasuke. Élisée alipoambiwa hakucheka hata kidogo. Aligomba kama mwalimu, akasema hakuna tena maharage.

Ni Élisée aliyetukumbusha papai. Ile ngozi nyeusi ilikuwa haitoki, na chini yake usaha ulikuwa unajificha. Alisema papai bichi linakula nyama iliyokufa na kuiacha nyama hai, na kwamba hata daktari wa Beni hakatai. Huku juu kwetu baridi inayakataa mapapai, lakini Jephté alikuwa akishuka Beni kwa mafuta, na kule mashamba yamejaa mipapai inayochanjwa utomvu wa kuuza. Kila aliporudi alileta mfuko. Tulilipondaponda, tukalilaza juu ya kidonda katikati ya vitambaa viwili. Liliwasha kama pilipili. Lakini ile ngozi ya ngoma ikaanza kulegea, ikatoka, na chini tukaona wekundu. Jephté aliita jina la Mungu kwa Kinande, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Mkono wangu wa kushoto ulivimba wakati huo, ukawa kama mkono wa mwanamke mwingine aliye mnene. Pete ilianza kunikata. Jephté aliitoa kwa sabuni, akaivaa kwenye kidole chake kidogo ili isipotee.

Kufika mwezi wa kumi na moja kidonda kilikuwa kimebaki kama jicho la ng'ombe, chekundu na safi, na ngozi mpya nyembamba ikitambaa kutoka pembeni. Élisée alisema, “Kidonda haina mbio, kinapona kutoka chini. Lakini hiki kinakuja.” Akasema huenda kabla ya Noeli. Jephté akaanza kuulizia watu wanaolala wapi Kampala, na kama Waganda wanakula sombe. Akashuka Beni kwa mapapai ambayo tuliyaita ya mwisho.

Kilichompata unakijua. Lori lilisimamishwa mahali msitu unapokaribia barabara. Waliosimamisha walikuwa nani, kila mtu ana jibu lake, na mimi sijui. Dereva Zorobabel alipigwa kitako cha bunduki, akaishi. Jephté alishuka pamoja na wengine, na hatujui alisema nini au hakusema nini. Zorobabel alimleta amefunikwa turubai ya lori. Pete zote mbili walikuwa wamezichukua. Mfuko wa mapapai hawakuugusa, ulifika mzima.

Na sasa, yaya, ndipo habari yangu ya kweli inapoanza.

Unajua kilio cha kwetu. Mjane anaketi chini kwenye majani ya ndizi, wanawake wamemzunguka, wanaume nje kwenye moto. Hatoki, hajifungii chumbani, haachwi peke yake hata kidogo. Na mwanamke anayekuja kulia hapeani mkono. Anaanza kulia tangu barabarani, anaingia, anamwangukia mjane kifuani, kifua kwa kifua, wanatikisana hadi mwingine aje kumbandua. Halafu anaangukia huyo mwingine. Na mjane anayejikunja, anayegeuza bega, unajua yanayosemwa. Shangazi yake Jephté alikwisha kuyasema mlangoni, kwa sauti ya kusikika, siku mke wa jirani yake alipofiwa: kifua kinachokataa machozi kinajua kifo kilitokea wapi.

Nilikaa nikaona wanaingia. Wamama wa kwaya, wote. Wamama wa soko la mawese, wanawake wenye nguvu wanaobeba madumu. Kila mmoja alinipenda kwa uzito wake wote. Wa kwanza aliponiangukia nilisikia ile ngozi mpya ikitoka, kama gundi inavyotoka kwenye bahasha. Nilipiga yowe, na yowe la mjane nani analiuliza?

Hapakuwa na mahali pa kufungua bande. Élisée alikuja kilioni, akakaa na wanaume kwenye moto, na kupitia mlango niliona ananiangalia. Alijua. Kila mwanamke alipoingia alikuwa akiangalia chini, kwenye viatu vyake. Mwanamume ataingiaje katikati ya wanawake wanaolia akasema mwacheni mjane, nimfungue nguo? Na ile siri tulimfunga nayo sisi wenyewe.

Siku ya pili chakula kilipungua, watu walikuwa wengi. Wamama waliokuwa jikoni wakakuta mfuko wa mapapai mabichi, wakashukuru Mungu. Waliyamenya, wakayakatakata, wakayapika na mafuta ya mawese na vitunguu. Waliniletea sahani. Mmoja aliniambia nile, maana ni Jephté mwenyewe aliyenunua, chakula chake cha mwisho kwetu. Nikala, yaya. Nilikuwa nikitafuna dawa yangu mbele ya watu na kusema asante.

Kisha kikwembe changu kikaanza kulowa. Upande ule, pale hasa ambapo mtu angetazamia maziwa. Wanawake waliokuwa karibu waliona, nikasikia mnong'ono ukizunguka majani ya ndizi. Mmoja akaukumbuka ule utani wa Maliro juu ya nguo zinazotokoswa. Kumbe mtoto yupo. Amezaliwa lini, yuko wapi, na kwa nini Jephté alimficha? Maliro mwenyewe alikana, akasema ulikuwa mzaha tu, lakini mzaha ukishatoka haurudi mdomoni. Mnong'ono ukamfikia Mama Emérence.

Alinishika mkono, ule uliovimba, akaniinua mbele ya watu wote, akaniingiza chumbani, akafunga mlango kwa mgongo wake. Akaniambia nimwonyeshe maziwa hayo. Nilifungua kikwembe, nikafungua blauzi, na bande ikaja pamoja na vilivyoshikamana nayo.

Mama mkwe wangu alitazama. Juu ya vichwa vyetu vitambaa vya Jephté vilikuwa bado kwenye kamba, vimekauka, vimepigwa pasi. Alivitazama navyo. Alikaa kitandani polepole kama mtu anayekaa ndani ya maji. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: “Kumbe ile harufu ni wewe. Nilizania ni panya imekufa kwenye dari.” Halafu akaniuliza kama ni Jephté aliyekuwa akifanya kazi hii yote. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama alikuwa akiifanya vizuri. Nikasema vizuri sana. Akavuta kitambaa kimoja kutoka kwenye kamba, akakinusa, akaufunika nacho uso wake, na huko ndani ya kitambaa akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Hadi saa ile alikuwa hajalia.

Alinifunga jinsi alivyoweza, akanirudisha. Akaketi mbele yangu kabisa, magoti yake yakigusa yangu, mgongo wake ukinifunika. Mwanamke aliyefuata alipoingia akilia, Mama Emérence alifungua mikono. “Mulie hapa kwangu,” akasema. “Huyu mutoto alinyonya hapa.” Na akajipiga kifua. Wengine waliona ni kiburi cha mama. Shangazi alisema haijaonekana mama kumnyang'anya mjane kilio chake. Wale wamama wa madumu wote walimwangukia yeye, mzee wa miaka yake, na mimi nyuma yake nilikuwa nikimwona anavyotikiswa. Siri yangu hakuitoa, na juu ya yale maziwa aliwaambia tu kwamba amekwisha kuona na hakuna mtoto.

Baada ya maziko ni yeye aliyehamia kwangu. Anaosha kidonda. Hapigi mluzi, anahesabu mbuzi za mahari za watu waliokufa zamani, nani alilipa na nani alikimbia, na hasira yake inanisahaulisha maumivu kidogo. Lakini kidonda kilikuwa kimefunguka chote hadi chini, kikubwa kuliko mwezi wa nane. Élisée alipokiona alitoka nje kwanza, akarudi.

Mwezi uliopita Zorobabel alikubali kutupeleka Beni. Alitukalisha mbele pamoja naye, na pale msitu unapokaribia barabara alizima wimbo wake. Mji umejaa wakimbizi wa upande wa Mambasa, wamelala kwenye baraza za makanisa, na hospitali wamelala hadi chini ya vitanda. Daktari alinipokea amesimama. Aliosha, akapapasa pembeni mwa kidonda, akapapasa tena, akaenda shingoni. Nilikuwa nimekwisha kuvijua, maana naviosha kila siku: vipunje vidogo chini ya ngozi, kama mtama uliomwagika, pande zote za kidonda. Alisema ndiyo ugonjwa wenyewe. Alisema Kampala sasa haitasaidia kitu. Nilimwuliza kama ni kwa sababu kidonda kilifunguka. Akasema vipunje hivyo havikuletwa na kukumbatiwa, vilikuwa humo. Nikamwuliza, kama kingefunga kwa Noeli tukaenda, ingekuwaje? Akanishika kiganja. Alisema hajui. Nje mtoto wa mtu alikuwa akiita maji, naye akaenda.

Mama Emérence hajaamini. Kwake walioniua ni wale wanawake wenye vifua vizito, na zaidi ya wote Mama Maliro. Hamsalimii tena. Maji ya bomba anayafuata mbali ili asipite kwake. Maliro hajui kosa lake ni lipi. Amekuja mara ngapi na mboga, zinarudishwa kwenye uzio. Na hapo, yaya, ndipo penye neno ambalo sijamwambia mtu, na ninakuambia wewe kwa sababu wewe ulinibeba mgongoni.

Siku ya mwisho ya kilio, watu walipokuwa wanakunja mikeka, Mama Emérence alitoka kuagana na wazee. Mbele yangu pakawa wazi. Maliro alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, miguu ina udongo, akasimama kizingitini akinitazama, akasita. Nafikiri alikuwa amehisi kitu. Hakuniangukia. Ni mimi niliyesimama. Ni mimi niliyefungua mikono, hata ule uliovimba, nikaenda kwake, nikamvuta, nikamshika kwa nguvu zangu zote, kifua kwa kifua, muda mrefu, huku nikisikia joto linatiririka tumboni na kujua ni nini. Aliniuliza sikioni kama naumia. Nikasema hapana, endelea kunishika.

Tangu mwezi wa saba hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia. Jephté alinigusa kila asubuhi kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa yai, na jioni alilala ukingoni mwa kitanda asije akaniumiza katika usingizi. Alifanya vile kwa upendo, nami nilikuwa nikikaa macho namsikiliza anapumua kule mbali. Alikufa hajanishika. Wale wamama walipoanza kuniangukia niliogopa maneno ya watu, ndiyo. Lakini si hayo tu. Kila mmoja aliponitikisa nilikuwa napasuka na nilikuwa nataka mwingine aje. Mama Emérence aliponikinga, aliniokoa, na nilikaa nyuma ya mgongo wake nikiwaonea wivu wanaokumbatiwa.

Nitamwambia kabla ya Pasaka, ili amsalimie Maliro. Bado natafuta njia. Mtu amejitolea kifua chake kuwa ukuta, utamwambiaje kwamba wewe uliuzunguka?

Sikuandikii uje. Njia haipo. Wala sikuombi umchukue Shekinah, bibi yake hatakubali na yeye mwenyewe hataki. Msalimie sana shemeji Manassé, mwambie mashati aliyotuma mwaka ule bado yanavaliwa. Wasalimie ndugu wa Butembo wanaosali nanyi huko. Usilie kwenye foni.

Lakini wenye bunduki wakichoka na barabara ikafunguka nikiwa ningali hapa, njoo, na ukiingia usipeane mkono, wala usiogope harufu. Upande wa kuume ni mzima. Nishike kwa upande huo, usiniachie upesi. Na kama utakuta nimekwisha kwenda, basi, yaya, unikumbuke.

Mdogo wako,

Katungu Rébecca